Ngitili: Nyasi Zilizowekwa Akiba Shinyanga

Mvua za kwanza zikianza kunyesha Usukumani, mwezi Novemba au Desemba, mwenye ngitili, yaani eneo la malisho ya akiba, hulifunga eneo lake. Ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi kikolee, Julai au Agosti, malisho ya wazi yakiwa yamekwisha. Hata hapo hawaachiwi eneo zima: humaliza kipande kimoja ndipo wahamishiwe kingine. Wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wanaohitaji nguvu za kulima.

Katika miezi hiyo ya kufungwa nyasi hukua, hutoa mbegu na kuzidondosha kabla hazijaliwa. Visiki vya miti navyo huchipua.

Utaratibu huu wa wazee ulikaribia kutoweka. Miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifyeka vichaka vya Shinyanga kwa eneo kubwa ili kuwaangamiza mbung'o, waenezaji wa ugonjwa wa nagana. Mashamba ya pamba nayo yakazidi kupanuka, mifugo ikiongezeka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: familia zikahamishwa, na ngitili zao zikabaki bila mlinzi. Kufikia mwaka 1986 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi tu.

Mwaka huohuo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walitegemea vitalu: miche inaoteshwa, wanakijiji wanagawiwa, wanapanda. Matokeo hayakuwaridhisha. Walipowasikiliza wafugaji, walikuta kwamba wenyeji walikuwa tayari na dawa yao, isiyohitaji mche wala ndoo ya maji. Ilihitaji eneo kupumzishwa na watu kukubaliana.

Makubaliano hayo yalikuwa na mahali pake. Sheria zilipitishwa katika dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakazisimamia. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa alitozwa faini. HASHI ilileta ushauri na mafunzo. Ulinzi ukabaki mikononi mwa vijiji.

Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, uliojumuisha pia wilaya ambazo leo ziko Simiyu na Geita. Miaka miwili kabla, HASHI ilikuwa imepata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wanavijiji nao walihesabu faida nyingine: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali na dawa za miti shamba.

Faida hiyo haikugawanyika sawa. Kaya zenye ardhi kubwa zilitenga ngitili kubwa, na baadhi zikaanza kuwauzia wengine haki ya kuchungia wakati wa kiangazi. Asiye na eneo la kufunga alitegemea ngitili ya kijiji, au alitoa fedha kuwanusuru ng'ombe wake.