Uso wa Flyora

Watu wakisema *Come and See* ya Elem Klimov, ya mwaka 1985, imetia chumvi, huwa nashangaa. Flyora, kijana wa Belarus, anafukua bunduki mchangani akicheka, ili ajiunge na wapiganaji wa msituni. Filamu ikiisha, uso wake umejaa makunyanzi kama wa babu. Mapigano yenyewe hayaonekani sana. Tunachoona ni Wanazi wakiwasukuma wanakijiji ndani ya jengo la mbao, kisha moto. Ales Adamovich, aliyeiandika pamoja na Klimov, alipigana kwenye misitu hiyohiyo akiwa kijana tu. Na kijiji cha Khatyn si hadithi: tarehe 22 Machi 1943 waliuawa pale watu 149, wakiwemo watoto 75. Vijiji vilivyochomwa pamoja na wakazi wake, filamu inataja 628.