Kifaru wa Dhahabu na Mgodi Uliotangulia Ruhusa

Kuna kifaru mdogo wa dhahabu, anahifadhiwa Pretoria. Ni mdogo kiasi kwamba anaenea kiganjani. Mwili wake ulichongwa kwa mti, ukafunikwa na bati jembamba la dhahabu lililopigiliwa misumari midogo, nayo ya dhahabu. Mti ulishaoza kitambo. Dhahabu ndiyo ilibaki. Alizikwa na mtu wa ukoo wa kifalme juu ya kilima kinachoitwa Mapungubwe, karne ya 13, kabla Great Zimbabwe haijawa kubwa.

Nitafika kwenye makaa ya mawe, wasee. Lakini lazima kwanza mjue ni wapi tunaongelea.

Mapungubwe iko pale mto Shashe unapoingia Limpopo. Ukisimama huko unaona nchi tatu kwa mpigo: uko Afrika Kusini, ng'ambo ni Botswana na Zimbabwe. Wafalme wa pale waliuza dhahabu na pembe za ndovu hadi pwani, na wao wakaletewa shanga za vioo kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Maelfu ya shanga. Ni ile ile biashara ya bahari iliyotajirisha miji ya Waswahili kama Kilwa, kwa hivyo msiniambie hiyo ni historia ya watu wengine.

Makaburi yalifunguliwa mwaka wa 1932. Kwa miaka mingi watoto wa shule huko walifundishwa kwamba Waafrika waliwasili karibu wakati mmoja na wazungu, na ufalme wa dhahabu uliokuwepo karne kadhaa kabla haungeingia kwenye stori hiyo. Mifupa ya watu ilikaa kwenye mikusanyo ya vyuo vikuu hadi 2007 ndipo ikarudishwa na kuzikwa tena. UNESCO walikuwa wameitambua Mapungubwe kama Urithi wa Dunia mwaka wa 2003.

Sasa ingia 2010. Kampuni iliyosajiliwa Australia, Coal of Africa, inapata haki ya kuchimba makaa ya mawe kando ya Limpopo, kama kilomita 7 tu kutoka mpaka wa eneo hilo la urithi. Mgodi unaitwa Vele. Makaa yenyewe ni yale ya kutengenezea chuma cha pua na vyuma vingine.

Waliopinga walikuwa mchanganyiko: Endangered Wildlife Trust, BirdLife South Africa, chama cha wanaakiolojia, wenye mashamba na hoteli za watalii wa eneo hilo. Nisiwadanganye, hii haikuwa stori safi ya wananchi dhidi ya kampuni. Mji wa karibu ni Musina, na huko kuna vijana waliokuwa wanatafuta kazi kama tu mimi na wewe. Kumwambia mtu asiye na kazi kwamba mgodi utaharibu mandhari ya watalii si rahisi, na hoja ya aina hiyo ikitoka kwa mwenye hoteli inakuwa ngumu zaidi kumeza.

Hoja iliyonishika mimi ni ya maji. Limpopo si kama Tana. Kiangazi unaweza kuvuka kwa miguu, unaona mchanga tu. Maji yapo, ila yako chini, ndani ya mchanga, na mashamba ya pande zote hutegemea hayo. Mgodi nao unahitaji maji mengi, na mawe ya makaa yenye salfa yakipigwa na hewa na mvua hutoa asidi. Baada ya Zimbabwe mto unaingia Msumbiji kisha bahari. Mkulima wa Msumbiji hapigi kura Pretoria. Nchi nne za mto huo zilikuwa zimeshakubaliana kuunda tume ya pamoja mwaka wa 2003, lakini leseni ilitolewa na nchi moja.

Halafu ikaja ile sehemu iliniudhi. Agosti 2010 serikali iliamuru kazi isimame, kwa sababu kampuni ilikuwa imeanza shughuli ambazo hazikuwa na kibali cha mazingira. Unadhani imeisha hapo? Sheria ya mazingira ya Afrika Kusini (nayo kifupi chake ni NEMA, kama mamlaka yetu) ina kifungu cha 24G. Kinasema hivi: ukianza bila kibali, unaweza kukiri, ukaomba kibali cha kile ulichokwisha kufanya, na ukalipa faini. Kampuni ililipa randi milioni 9.25. Julai 2011 ikapata kibali.

Najua kifungu kama hicho kina kazi yake, kinampa afisa nafasi ya kumlazimisha mtu arekebishe alipoharibu. Lakini angalia kinachotokea kwa wapinzani. Ukifika mezani, udongo ushafukuliwa na pesa zishamwagwa. Huongei tena kama mgodi uwepo au usiwepo, unaongea masharti. Ndivyo ilivyokuwa: walioenda mahakamani wakajikuta wanajadiliana na kampuni kuhusu usimamizi wa maji na vumbi. Makaa yakaanza kutolewa. Mwaka wa 2013 kampuni yenyewe ikausimamisha mgodi, mtambo wake ukihitaji kubadilishwa. Kilichousimamisha kilikuwa hesabu, si shanga wala mto.

Linganisheni na kwetu Lamu, mji mwingine wa Urithi wa Dunia tangu 2001. Mtambo wa umeme wa megawati 1,050 ulipangwa Kwasasi, na mwanzoni makaa yake yangetolewa, ndiyo, Afrika Kusini. Wakazi wakapinga karatasi, kabla ya mtambo. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environmental Tribunal) lilifuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kwenye tathmini. Hakukuwa na tanuru la kuzima, wala faini ya kulipia kosa lililokwisha fanyika.

Tathmini za aina hiyo hutangazwa gazetini kwa maandishi madogo mno, na unapewa siku 30 kutoa maoni. Zamani nilikuwa naruka hiyo kurasa. Siku hizi naanzia hapo, kisha ndio naenda kwa michezo.