Ahero: Mto, Mpunga na Nyanda za Kano

Mto ulio mbele yako ni Nyando. Unateremka kutoka milima ya Nandi, unakata Nyanda za Kano na kumwaga maji katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Rangi yake ya kahawia ni udongo wa mashamba ya juu. Mvua kubwa ikinyesha huko milimani, mafuriko hufika huku hata kama hapa hakujanyesha tone. Wenyeji wa Kano wamezoea kuhama na kurudi, na ustahimilivu wao unastahili heshima.

Maji hayohayo ndiyo yanayolisha skimu ya umwagiliaji ya Ahero, iliyoanzishwa miaka ya 1960. Kwa kuwa mashamba yako juu ya mto, maji huvutwa kwa pampu, kisha husambazwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba. Ukifika msimu wa kupandikiza, simama kidogo ukingoni: wapandaji wameinama, matope yamewafika magotini, mkono mmoja umeshika fungu la miche na mwingine unachomeka. Yangeyange weupe huwafuata nyuma wakidonoa wadudu. Mpunga ukianza kuiva, wanaokuja ni kweleakwelea, na hapo watu hushinda shambani tangu alfajiri wakiwafukuza.

Tafadhali pita juu ya matuta, usikanyage miche.

Kisumu iko takriban kilomita 25 magharibi. Usiyakose Makumbusho ya Kisumu, yenye boma la Kijaluo ambamo nyumba ya mke wa kwanza inaelekea lango kuu. Ng'ambo ya jiji, barabara ya Bondo, yapo mawe marefu ya Kit Mikayi, ambako watu huenda kusali hadi leo.