Usafi wa mikono hospitalini hutegemea mazingira

KUNAWA mikono ni kinga muhimu dhidi ya maambukizi hospitalini. Hata hivyo, kanuni hiyo haiwezi kufuatwa ipasavyo katika wodi isiyo na mfereji wa maji karibu na vitanda vya wagonjwa.

Kati ya 2006 na 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifanyia majaribio mpango wake wa usafi wa mikono katika hospitali ya Point G mjini Bamako, Mali. Badala ya kuagiza dawa ya kutakasa mikono kutoka ng'ambo, dawa hiyo ilitengenezwa papo hapo kwa alkoholi ya miwa. Pia wahudumu walipewa mafunzo.

Kiwango cha kuzingatia usafi kilipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 21.8. Hayo yalikuwa mafanikio, ingawa bado fursa nyingi za kutakasa mikono zilipotea.

Funzo ni kwamba kabla ya kuiga mpango wowote, hospitali yapasa kuchunguza kwanza kinachowazuia wahudumu wake, kutumia malighafi iliyopo, kisha kupima matokeo. Aidha, mikono yenye uchafu unaoonekana sharti ioshwe kwa maji na sabuni.