Kwenye theluji, unamshangilia nani?

Ushabiki wa mpira hapa kwetu wengi hatukuuchagua, tumezaliwa nao. Baba Yanga, mtoto Yanga, labda awe mkaidi ahamie Msimbazi. Hata ile timu ya Uingereza unayoipigania kijiweni ulirithishwa na kaka yako, au uliiokota kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Lakini kila baada ya miaka minne inakuja Olimpiki ya majira ya baridi, na hapo Watanzania tunabaki yatima. Hatujawahi kupeleka hata mtu mmoja. Theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro, kazi yake kupigwa picha. Sasa umekaa mbele ya luninga, watu wenye miwani mikubwa wanashuka mlima kwa kasi ya basi la mkoani. Unamshangilia nani?

Nimewasikia watu wakichagua kwa rangi ya ngozi, wengine kwa ujirani, wengine kwa jina linalotamkika. Sina ugomvi nao. Kuna njia moja tu inayonikera, nayo ndiyo imeenea: kumchagua mtu kwa sababu anachekesha. Mimi ni mwandishi wa habari na najua habari ya Mwafrika kwenye theluji huwa inapangiwa ukurasa gani. Ule wa vituko.

Turudi nyuma kidogo. Mwafrika mweusi wa kwanza kushiriki michezo hii ni Lamine Guèye wa Senegal, huko Sarajevo mwaka 1984. Babu yake, mwenye jina hilo hilo, alikuwa mwanasiasa mzito na aliwahi kuliongoza Bunge la Senegal. Mjukuu akapenda skii. Katika mbio za kushuka mlima alimaliza wa 51, akarudi tena kwenye Olimpiki za 1992 na 1994. Waulize watu kumi mjini kama wanamjua. Hawamjui, kwa sababu hakuanguka mbele ya kamera akachekesha ulimwengu.

Wajamaika je? Hao kila mtu anawajua, kwa ile filamu ya Cool Runnings ya mwaka 1993. Ni kweli kwamba mwaka 1988 kule Calgary kigari chao cha kuteleza kwenye barafu kilipinduka. Filamu inawaonyesha wakikibeba mabegani hadi mwisho. Ukweli ni kwamba walitembea pembeni yake huku kikisukumwa. Sawa, sinema ni sinema. Kinachoniuma ni sehemu ambayo haikutengenezewa filamu. Mwaka 1994 kule Lillehammer, timu ya Jamaika ya watu wanne ilimaliza ya 14, mbele ya vigari vyote viwili vya Marekani. Ni wangapi kati yetu tunaojua hilo? Tumeshika kuanguka, tumeacha kuinuka.

Haya, tuje kwa jirani. Mwaka 1996 kampuni ya Nike iliwachukua wakimbiaji wawili wa Kenya, Philip Boit na Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza skii. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, mpwa wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba kwenye mbio hizo hizo Munich mwaka 1972. Theluji alikuwa hajawahi kuiona kwa macho. Wazo lilikuwa kwamba mapafu ya Mkalenjin yakishayashinda mataifa kwenye uwanja wa riadha, basi yatashinda popote. Na tangazo zuri la biashara lingepatikana humo humo, tusidanganyane.

Februari 12, 1998, Nagano, kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit akaja kwa dakika 47 na sekunde 25.5, wa 92, wa mwisho katika waliomaliza. Mapafu pekee hayakutosha. Nusu ya kazi ya skii iko kwenye mikono na mgongo, na nyingine iko kwenye nta inayopakwa chini ya ubao: ukikosea aina ya nta, theluji inagandia na unakuwa kama mtu anayetembea na tope la masika kwenye viatu. Wenzake walianza kujifunza hayo wakiwa na miaka mitatu. Yeye alikuwa amejifunza kwa miaka miwili.

Siku hiyo Dæhlie alikuwa amekuwa mwanamume wa kwanza kufikisha dhahabu sita za Olimpiki ya baridi. Waandaaji walitaka apande jukwaani apewe medali. Akasema anamsubiri Mkenya. Akamsubiri dakika zote ishirini, Boit akavuka mstari, wakakumbatiana. Baadaye Boit alimpa mtoto wake wa kiume jina la Dæhlie.

Picha ile ilizunguka dunia kama picha ya huruma. Mimi naiona kwa jicho jingine. Dæhlie ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote pale uwanjani kilomita zile kumi zinavyouma, kwa hiyo alijua anachokipongeza.

Na hata hivyo, Boit ninayemshangilia zaidi si yule wa Nagano. Udhamini wa Nike haukudumu, kamera zikaondoka. Boit akaendelea. Akawa anafanya mazoezi nyumbani Kenya kwenye skii za magurudumu, juu ya lami, huku watu wakimshangaa. Akafuzu kwenda Salt Lake City mwaka 2002, na katika mbio fupi za kilomita 1.5 hakuwa wa mwisho. Akafuzu tena kwenda Turin mwaka 2006, umri umeshapita miaka 34. Miaka kumi ya kazi, na sehemu kubwa yake hakuna aliyekuwa anatazama.

Sisi Watanzania tungepaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, maana tunaye John Stephen Akhwari. Kila mtu anaijua Mexico 1968: goti limefungwa bandeji, giza limeingia, anaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tunaisimulia hadi machozi. Lakini miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza marathoni wa tano. Wa tano! Alikuwa mkimbiaji wa kweli aliyeumia siku moja, nasi tumemfanya kuwa siku ile moja tu.

Kuna rafiki yangu ambaye haya yote hayataki. Anasema yeye anashangilia washindi, na mtu wake ni Shani Davis, kijana mweusi wa Chicago aliyechukua dhahabu ya mita 1000 za kuteleza kwenye barafu mwaka 2006, mtu mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Olimpiki ya baridi. Akaitetea mwaka 2010. Kwao baadhi ya watu walimnunia kwa kukataa mbio za timu ili ajiandae kwa zake. Uholanzi walimpenda, ingawa aliwafunga watu wao, maana kule hata bibi kizee anajua kusoma kona ya barafu. Mwaka 2022 Erin Jackson akafuata, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo, katika mita 500, baada ya mwenzake Brittany Bowe kumwachia nafasi kwenye mchujo wa Marekani.

Mimi na rafiki yangu tunabishana, lakini kwa Sabrina Simader tunakubaliana. Amezaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa mdogo, na Pyeongchang mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye michezo hii. Habari nyingi nilizosoma zilianza na vazi lake la madoa ya chui. Ukishuka chini kabisa ndipo unakuta kwamba katika mbio za Super-G alimaliza wa 38.