Paa wa thumni moja

Hadithi za kupewa kila unachotamani tunazo tele, na sisi wa kijiweni tunazipenda kuliko zile za jasho. Taa inasuguliwa, jini huyo, shida kwisha. Lakini ile ya paa, ambayo padri Edward Steere aliipata kwa watu wa Unguja na kuichapa London mwaka 1870, haiendi hivyo.

Maskini anapekua jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota thumni, ananunua paa. Watu wanamcheka: wewe mwenyewe huna chakula, huyo utamlisha nini? Kumbe paa anasema kama mtu. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kumposea bwana wake, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kulitwaa jumba lake. Angalia sana hapo: bwana hakuomba hata kimoja. Alipewa tu.

Kisha paa anaugua. Bwana anaamuru apewe uji wa mtama, si wa thumni tu huyo! Paa anakufa, anatupwa kisimani. Bwana anakuja kuzinduka yuko jaani, anapekua.

Wengine watasema ni hadithi ya shukrani, basi. Mimi siridhiki. Mwaka ule wa 1870 soko la watumwa Unguja lilikuwa wazi bado. Lilifungwa 1873, na Steere huyohuyo akajenga kanisa pale pale, Mkunazini. Sasa msikilizaji wa enzi hizo anasikia habari za kiumbe kilichonunuliwa, kikamtajirisha bwana, kikaugua, kikatupwa. Alihitaji kuambiwa huyo paa ni nani?

Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya 1952, alimleta jini Huria, anayemsaidia Adili kulipa wema. Huyo hakununuliwa na mtu, na jina lake tu lina uhuru ndani yake.

Huku kwetu Dar mapaa hawakukosekana. Kariakoo tunayokwenda kugombania mitumba imepewa jina na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914–1918. Maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi.

Ningeandika ngano hii upya, paa wangu ningemweka bandarini, mwaka 1947, makuli walipogoma wakitaka mshahara na mgomo ukasambaa kwa njia ya reli hadi bara. Paa huyo angeukataa uji akiwa bado mzima.