Sohal, Avtar Singh (mchezaji na kocha wa mpira wa magongo)

Beki na nahodha wa Kenya, baadaye kocha wa timu ya taifa. Alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1938, na wapenzi wa mchezo walimzoea kwa jina la Tari. Aliitwa timu ya taifa mwaka 1957, akacheza Olimpiki 4 mfululizo: Rome 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972, tatu za mwisho akiwa nahodha. Mechi zake 167 za kimataifa zilimwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka 1978 alikabidhiwa timu ya taifa, akaifundisha kwa takriban muongo mmoja. Mara nyingi maisha yake husimuliwa kana kwamba sifa zote ziko katika miaka ya uchezaji na ukocha ni nyongeza tu. Makala hii inadai kinyume: kazi ya pili ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo yenye la kumwambia msomaji wa Kilifi na Malindi, ambako magongo hayajashika mizizi ijapokuwa Mombasa, kilomita 60 hivi kusini mwa mji wa Kilifi, yamechezwa tangu enzi za mkoloni.

Kwanza inafaa kueleza mchezaji wa aina hii alitoka wapi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ulileta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka Punjab, na nyuma yao, serikali ya kikoloni ilipopanuka, wakaja makarani Wagoa. Jamii hizi mbili ziliupenda mpira wa magongo, na mapenzi hayo yalizidi pale India ilipoanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928. Kila jamii ilijenga klabu yake. Masingasinga walikuwa na Sikh Union, Wagoa walikuwa na taasisi zao Nairobi na Mombasa, na uwanja wa klabu ulikuwa mahali pa watoto kushinda jioni nzima wakiwatazama wakubwa. Ndiyo maana orodha za timu ya Kenya za miaka hiyo zimejaa majina kama Hilary Fernandes, Alu Mendonca, Anthony Vaz na Surjeet Singh Panesar. Kocha wa taifa wa wakati huo hakuwa na haja ya kumfundisha mtu jinsi ya kushika gongo. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa na klabu, shule na familia kabla kijana hajafikisha miaka 15. Matokeo yanajieleza: nafasi ya 10 Melbourne mwaka 1956, ya 7 Rome, ya 6 Tokyo, ya 8 Mexico City. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Hispania bao 1-0, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India kwa mabao 2-1.

Sohal alikuwa beki katika mfumo wa zamani wa mabeki wawili nyuma, viungo watatu na washambuliaji watano. Nafasi hiyo haikumvumilia mtu wa papara. Gongo la mbao ya mforosadi lina upande mmoja tu unaoruhusiwa kugusa mpira, ule bapa wa kushoto, kwa hiyo beki anayejiliwa upande wake wa kulia ana raha, lakini akipitwa kushoto inambidi aligeuze gongo na kuzuia kwa ncha yake, au awahi kuihamisha miguu kabla adui hajaamua. Kwenye nyasi za kawaida, zenye vishimo na visiki, mpira hurukaruka. Anayeusubiri ukiwa umetulia ameshachelewa. Beki wa viwanja hivyo aliishi kwa kukisia: kuusoma mguu wa mshambuliaji, kujua kiwanja chenyewe kitaurusha mpira wapi, kisha kuupiga mbali kwa nguvu. Mchezaji aliyedumu miaka 15 katika nafasi hiyo alikuwa na hazina ya maarifa. Balaa ni kwamba karibu nusu ya maarifa hayo yalikuwa yanaelekea kupitwa na wakati.

Mwaka 1976 Olimpiki ya Montreal ilichezesha magongo kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Kenya haikuwapo. Ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Msimamo huo ulikuwa wa haki, na hakuna sababu ya kuujutia; lakini gharama yake kwa magongo ilikuwa kubwa kuliko kwa riadha, kwa kuwa mkimbiaji aliyekosa Montreal alizikuta mbio zilezile baadaye, ilhali mchezaji wa magongo aliukosa mchezo wenyewe ukibadilika. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, safari hii Moscow. Kwenye nyasi bandia mpira hauruki ovyo. Unateleza kwa kasi, unanasa kwenye gongo, na mpigaji wa kona fupi anajua hasa utamfikia wapi. Mbio za mfululizo na pasi za haraka zikaanza kushinda ustadi wa kukisia. Huyu ndiye Sohal aliyepewa timu mwaka 1978: mwalimu aliyehitimu kwenye nyasi za kawaida, aliyetakiwa kuwaandaa vijana kwa kiwanja ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukichezea Olimpiki.

Wakati huohuo chemchemi ya wachezaji ilikuwa inakauka. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Waasia wengi wasio raia waone hawana mustakabali Kenya, na Uingereza ilipoanza kufunga mlango kwa sheria yake ya mwaka 1968, wengi waliharakisha kuondoka. Familia zilikwenda Uingereza na Kanada, na pamoja nazo wakaondoka makocha wa watoto, waamuzi wa Jumapili, watunza viwanja na akina mama waliopika chakula cha mashindano. Klabu zilibaki na majengo na vikombe kabatini. Kocha wa taifa wa mwaka 1978, tofauti na waliomtangulia, alilazimika kutafuta wachezaji mahali ambapo mchezo haukurithiwa nyumbani.

Wapo wanaosema kwamba Kenya ilishuka kwa sababu kikosi kilibadilika sura, wakaondoka Waasia wakaingia Waafrika. Hoja hii imekuwa maarufu, pengine kwa sababu ni rahisi, lakini tarehe zinaikataa. Kikosi kilichoshika nafasi ya 4 Barcelona mwaka 1971 kilishika nafasi ya 13 kati ya timu 16 Munich mwaka uliofuata, Sohal mwenyewe akiwa uwanjani. Mwaka 1973, katika Kombe la Dunia la Amstelveen, Kenya ilikuwa ya mwisho kati ya timu 12. Mwanguko ulianza basi mikononi mwa kizazi kilekile cha dhahabu, kilipozeeka bila kuwa na warithi wa kutosha nyuma yake. Walioingia baadaye, akina Peter Akatsa, Lucas Alubaha na Michael Omondi, waliikuta nyumba ikiwa imeshabomoka upande mmoja, wakashiriki kuisimamisha.

Na ilisimama kiasi chake. Kenya ilirudi Olimpiki Los Angeles mwaka 1984 na kumaliza ya 9. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika Nzima ilipofanyika Nairobi, wanaume wa Kenya walitwaa dhahabu ya magongo na kufuzu kwenda Seoul, ambako mwaka 1988 walimaliza wa 12. Mkosoaji atasema, na ana haki, kwamba nafasi ya 9 kati ya timu 12 ni ya nne kutoka mkiani, kwamba baadhi ya nchi zilisusia Los Angeles, na kwamba dhahabu ya 1987 ilipatikana Afrika Kusini ikiwa bado imefungiwa. Yote ni kweli. Afrika Kusini iliporejea kwenye michezo ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilichukua nafasi za bara hili, na timu ya wanaume ya Kenya haijacheza Olimpiki tena tangu Seoul. Lakini hoja hizo zinapima timu, hazimpimi kocha. Ukitaka kumpima kocha, uliza alianza na nini. Kocha wa mwaka 1964 alipokea wachezaji waliokamilika na uwanja waliouzoea. Wa mwaka 1984 alikuwa na nchi iliyokosa Olimpiki mbili mfululizo, klabu zilizopungua watu na mchezo uliobadilishiwa ardhi chini ya miguu. Kwa kipimo hicho nafasi ya 9 ya Los Angeles ina uzito unaokaribia ule wa nafasi ya 6 ya Tokyo, na mwandishi wa makala hii yuko tayari kusema unauzidi.

Hapa ndipo Kilifi inapoingia. Mtu akitazama ramani ya mchezo huu atadhani ulifuata Wahindi, na Malindi inamwonyesha kwamba sivyo. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Malindi hata kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapo mwaka 1498, na maduka yao yamekuwapo mwambao mzima kwa vizazi na vizazi. Hawakuacha utamaduni wa magongo, kwa sababu walitoka Gujarat na Kutch kufanya biashara, familia moja moja, duka moja moja, na mchezo wa watu 11 kwa 11 hauishi dukani. Uliletwa na watu waliokusanywa na mwajiri mmoja, wenye mshahara wa mwezi, nyumba za safu na siku ya mapumziko inayojulikana. Reli yenyewe inaigusa kaunti ya leo ya Kilifi pande za Mariakani tu, kisha inajiendea bara. Kaskazini ya Mtwapa hapakuwa na karakana wala makazi ya wafanyakazi wa reli. Tuongeze na usafiri: hadi daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, timu kutoka Malindi ikienda Mombasa ilisubiri kivuko, na mechi ya saa kumi haisubiri kivuko. Miaka yote ya Sohal, uchezaji na ukocha, ilipita kabla ya daraja hilo.

Pingamizi kubwa kwa maelezo haya linatoka magharibi ya Kenya. Shule kama Kamusinga, Musingu na St. Anthony's ya Kitale zimekuwa vigogo wa magongo ya wavulana bila kuwa na klabu ya Masingasinga wala ya Wagoa ukutani kwao. Kama reli na klabu ndizo mama wa mchezo, hawa walizaliwa na nani? Pingamizi hilo linaisahihisha hoja bila kuivunja. Shule ya bweni ni taasisi yenye sifa zilezile za klabu ya reli: watu wengi wa rika moja wanaoishi pamoja, kiwanja mlangoni, ratiba isiyobadilika, na mtu mmoja anayelipwa ambaye akitaka mchezo fulani uchezwe utachezwa. Magharibi walimpata mtu huyo, na alipoondoka alikuwa ameshazalisha wengine walioingia vyuo vya ualimu na kurudi shuleni na magongo yao. Haya ndiyo mageuzi ambayo Sohal aliyasimamia kwa upande wa timu ya taifa, pengine bila kuyapangia mkakati: chanzo cha wachezaji kilihama kutoka klabu za jamii kwenda shuleni.

Shule za Kilifi zimo katika kalenda moja ya michezo ya shule na hizo za magharibi. Magongo huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa kikapu, mpira wa mikono na raga ya watu 15, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa. Tatizo ni kwamba muhula mmoja ni muda mfupi na gongo halichongwi kwa mti wowote wa karibu. Shule inayonunua magongo 11 na vifaa vya kipa imetumia pesa ambazo zingenunua mipira ya soka ya kutosha shule nzima. Mwalimu mkuu anayechagua soka hakosei hesabu. Kwa hiyo timu ya magongo huishi pale tu ambapo kuna mwalimu anayeipigania kwenye kikao cha bajeti, na mwalimu huyo ni mwajiriwa wa TSC, tume inayoajiri walimu, anayeweza kupewa barua ya uhamisho na kuvuka kaunti tatu kabla ya muhula ujao. Wavulana aliowaanzisha mwaka wao wa kwanza humaliza shule wakicheza kitu kingine.

Toleo jipya la mchezo limelegeza sharti moja. Mchezo wa watu watano kila upande, ambao Kombe lake la Dunia la kwanza lilichezwa Muscat, Oman, mwezi Januari 2024, Kenya ikiwamo upande wa wanaume, unahitaji kiwanja kidogo zaidi, na wachezaji walio uwanjani ni chini ya nusu ya wale wa mchezo wa zamani. Kwa mji kama Kilifi, wenye uwanja wa Karisa Maitha unaogombewa na kila mtu, au kwa Malindi, sehemu ndogo iliyosawazishwa vizuri inaweza kutosha kuanzia. Wapo watakaosema kwamba huo si magongo halisi, kama ilivyosemwa juu ya nyasi bandia zilipoanza. Sohal alikuwa na kila sababu ya kusema hivyo mwaka 1978, kwa kuwa kila alichokijua kilikuwa cha kiwanja cha zamani, na badala yake aliichukua timu akaipeleka kwenye kiwanja kipya.